Mapengo Yaelekee Dirishani

Kizota, Dodoma
11 Agosti 2025

Dada Loisi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama pia. Mimi mzima, ila vumbi la kiangazi hiki linatumaliza. Ukipiga chafya hapa Kizota unaacha alama ukutani.

Naandika barua kwa sababu namba yangu uliifungia mwaka ule baba alipofariki, na mpaka leo hujaifungua. Miaka tisa. Sikuandikii kulalamika. Juzi Jumamosi Batholomeo, yule kondakta wa basi la Mpwapwa, alikuja hapa karakana na ujumbe kutoka kwa mama mwenyewe, siyo kutoka kwako. Alisema hivi: "Mama yako anasema kompyuta ya mzee imejaa. Haipokei mvua tena. Anasema wewe ndiye fundi."

Kama imejaa, tatizo nalijua. Mashine ile ina kumbukumbu ndogo sana, kilobaiti kumi na sita tu, na baba na mama wameijazia kila siku ya mvua iliyonyesha Gulwe tangu 1989, mwaka ule yule mhandisi wa reli alipomwachia baba mashine hiyo akarudi kwao. Ndani ya mashine kuna soketi nane tupu. Ziliachwa kiwandani makusudi, ili mtu akitaka aongeze chipu za kumbukumbu baadaye. Baba alikuwa anatufunulia kifuniko na kusema, "Hivi ni vyumba vya wageni." Chipu za aina hiyo hazitengenezwi tena popote. Mimi ninazo nane, nimezitunza kwa miaka.

Ifunge mashine kwenye kitenge, mpe Batholomeo. Ndani ya wiki moja itakuwa imerudi.

Mdogo wako,
Sila


Gulwe
17 Agosti 2025

Sila,

Marahaba. Sisi wazima. Mama anakusalimu, anasema mbukwa. Mimi nimeshaitikia, inatosha.

Mashine haitoki hapa. Sababu unaijua, ila kwa kuwa wewe ni mwepesi wa kusahau nakunakilia kutoka kwenye daftari langu. "4 Juni 2016. Sila ameichukua redio ya mbao ya baba. Anasema anakwenda kuitengeneza, wiki mbili." Halafu kurasa za mbele: "23 Oktoba 2016. Jirani yetu Erick kaiona redio ya mbao inauzwa sokoni Majengo. Sila kaiuza." Redio ambayo baba alisikilizia taarifa ya habari mpaka wiki aliyokufa. Kwa hiyo ukiniandikia "ndani ya wiki moja itakuwa imerudi", uelewe hapa kwetu maneno hayo tumeshayala na hayakushibisha.

Kuhusu Batholomeo, mama alimsimamisha barabarani mimi nikiwa kwenye cherehani. Nimemwambia kazi yake ni kubeba mizigo. Maneno ayaache.

Nakueleza hali kwa ajili ya mama tu. Jicho lake la kushoto limekwisha. La kulia linaona mwanga, na jua likipiga moja kwa moja juu ya vitufe anaziona namba. Daktari wa macho aliyepita Mpwapwa mwezi wa sita alisema nalo litafunga kabla ya mwaka huu kuisha. Mama ana mvua za miaka sita hazijaingia kwenye mashine. Ziko kwenye daftari langu, siku kwa siku, alizozipima yeye. Anataka kuziingiza kwa vidole vyake mwenyewe kabla jicho halijafunga, halafu azisikie zote tangu ya kwanza. Programu ya baba unaikumbuka: mlio mwembamba kwa kila milimita kumi, mlio mnene kwa kila moja. Nilimwambia nitamsomea kutoka daftarini. Akaniambia, "Ukisoma wewe, mvua zote zinafanana."

Sasa basi. Kama chipu unazo kweli, zitume huku, na uandike namna ya kuziweka. Nitaziweka mimi. Kidato cha nne nimemaliza kama wewe, na mkono unaotunga uzi kwenye sindano ya mashine siku nzima hautetemeki.

Loisi,
dada yako kwa kuzaliwa


Kizota
30 Agosti 2025

Dada Loisi,

Shikamoo. Hujambo wewe na cherehani yako? Mpe mama mbukwa yangu na umwambie nasikitika kwa habari ya macho. Sikuwa na habari hiyo. Ningeipata wapi?

Suala la redio sitaligusa. Wewe ndiye polisi, wewe ndiye hakimu, na gereza umeshajenga. Mimi nina kazi ya kufanya.

Kuweka chipu siyo kupachika vifungo kwenye sare za shule. Lakini umeng'ang'ania, basi soma barua hii mpaka mwisho kabla hujashika bisibisi, siyo unavyosoma barua za watu, unaruka mpaka palipoandikwa jina lako.

Chomoa umeme. Vua sweta, kwa sababu katika ukavu huu sweta linabeba umeme usioonekana na huo ndio unaoua chipu. Kila mara kabla ya kugusa kitu ndani, shika kwanza chuma kilichozama ardhini, bomba la maji linafaa. Kuna skrubu tano chini ya mashine. Zitoe, uziweke kwenye kisahani, siyo mdomoni kama pini zako. Ukiinua kifuniko utaona mikanda miwili membamba inayounganisha vitufe na bodi. Ina karibu miaka arobaini, imekauka kama mlenda uliosahaulika juani. Ichomoe kwa kuinyoosha juu, usiikunje.

Soketi nane ziko kwenye mstari mmoja. Kila chipu ina miguu kumi na sita, nane kila ubavu. Miguu imetanuka kidogo, kwa hiyo ilaze chipu ubavu juu ya meza uibonyeze mpaka miguu isimame wima. Halafu iingize kwa dole gumba, polepole, miguu yote kwa pamoja. Mguu mmoja ukijikunja chini ya chipu hutauona, na mashine haitakwambia.

Hapa sasa sikiliza vizuri. Kwenye ncha moja ya kila chipu kuna pengo dogo, kama la jino lililong'oka. Mashine inakaa palepale siku zote, kwa hiyo nakuandikia kama baba alivyotufundisha, kwa pande za chumba: upande wa mlango, upande wa kitanda, upande wa dirisha. Mapengo yote manane yaelekee dirishani. Ukigeuza, chipu inaungua kabla hujaita mama.

Kwenye kifurushi nimeweka pia kisanduku cha kadi. Kinachomekwa nyuma badala ya kaseti zile za kupakia programu na mvua. Kaseti zile mzitupe, mama asipoteze dakika tano kila siku kusikiliza makelele. Kadi inapakia programu kabla hujakaa kitini, kimya kimya.

Mdogo wako,
Sila
Fundi, kama umesahau


Gulwe
7 Septemba 2025

Sila,

Marahaba. Wazima wa mwili.

Chipu zako zimeungua.

Naandika kwa mpangilio ili usije ukasema nilirukaruka. Jana saa tatu asubuhi nilivua sweta. Nilishika bomba. Skrubu tano, kisahani. Mikanda niliinyoosha juu, haikukatika hata mmoja. Miguu niliisimamisha chipu moja moja, nilitumia ile rula ya chuma ya kukatia. Nilipachika nane, nikahesabu miguu mia na ishirini na nane kwa lenzi ya baba, hakuna uliojikunja. Mapengo yote manane yalielekea dirishani. Nilifunga. Niliwasha. Televisheni ikaonyesha mistari myeusi na myeupe, halafu ikazima. Harufu ilikuja kabla sijafika kwenye swichi. Mama alikuwa amekaa pembeni na daftari mapajani. Aliuliza, "Nini kinanuka?" Nikamwambia ni jirani anachoma plastiki. Akasema, "Jirani yupi, Loisi? Nimepofuka macho, pua ninayo."

Kwa hiyo hizi ndizo chipu ulizozitunza kwa miaka. Umeziokota kwenye jalala gani huko Kizota? Unawauzia na wateja wako, au takataka unamtumia mama yako tu?

Kisanduku chako cha kadi nakirudisha kwa Batholomeo. Ungekuwa unamjua mama yako leo hii, siyo mama wa miaka tisa iliyopita, usingekituma. Haoni kioo. Anajua mashine imekubali kwa sauti ya kaseti: mlio mrefu, kisha ule mkwaruzo mfupi, kisha mrefu tena, kisha ule mvuruguto mpaka mwisho. Akisikia mwisho anasema, "Haya, imeingia." Kadi iko kimya. Atajuaje?

Loisi


Kizota
12 Septemba 2025

Dada Loisi,

Shikamoo. Afya yangu siyo nzuri tangu nisome barua yako, na wewe ndiye ugonjwa wenyewe.

Mistari myeusi na myeupe halafu harufu, hiyo ni chipu iliyogeuzwa. Siyo mbovu: imegeuzwa. Zile nane nilizijaribu hapa moja moja kabla ya kuzifunga kwenye foili, na tarehe nimeandika kwenye daftari la karakana. Umezigeuza zote nane, kwa makini, kwa rula ya chuma na lenzi! Mtu mwingine angekosea moja, wewe umekosea kwa mpangilio.

Niliandika dirishani. Niliandika mara moja na ingetosha kwa mtoto wa darasa la tatu. Chumba kile kina dirisha moja tu, lile dogo linalotazama reli, ambalo baba aliweka meza chini yake ili aone treni ikiingia stesheni. Tumekulia chini ya dirisha hilo. Ulipakosaje? Au ulipaona, ukageuza makusudi, ili mwaka mpya upate cha kuandika kwenye daftari lako, "Sila ameunguza na kompyuta"?

Chipu nyingine sina. Ninavyojua mimi, Dodoma nzima hakuna. Mwambie mama ukweli. Mwambie nani aliziweka.

Usiwashe mashine mpaka uzitoe zote. Zikishatoka, washa. Ikiwaka na kupokea kaseti kama zamani, angalau hujaiua kabisa.

Sila


Gulwe
21 Septemba 2025

Sila,

Marahaba, ingawa safari hii hukustahili. Mama mzima. Mashine inawaka bila chipu zako, na imepokea kaseti mpaka mvua za 2019, kisha inasema imejaa, kama zamani.

Umeuliza nililikosaje dirisha linalotazama reli. Nakujibu.

Dirisha hilo halipo. Meza haipo chini yake. Nyumba ya baba haipo, Sila. Ilianguka tarehe 12 Januari mwaka jana. Maji ya mtoni yalipanda asubuhi, yakaingia uani saa nne, na kuta za tofali mbichi hazikungoja mchana. Tunakaa vyumba viwili vya kupanga nyuma ya kanisa. Dirisha la huku liko upande wa pili. Mashine iko juu ya meza yangu ya kukatia nguo.

Ulipoandika "palepale siku zote" nilicheka kwa sauti. Nikasema, mwache. Halafu nikashika chipu yako, nikaona neno dirishani, na mkono ukaenda kwenye dirisha lililo mgongoni kwangu. Mwaka na nusu nimeshonea kwenye mwanga wa dirisha hili. Sikulikumbuka lile. Hilo ni kosa langu na nimeliandika daftarini kwa jina langu.

Na lipo lingine, ulisome pia. Kabla sijafunga kifuniko mama aliomba apapase. Alipitisha kidole juu ya chipu zako, kisha juu ya zile za zamani zilizo pembeni, alizoziacha baba. Akasema, "Loisi, hizi na hizi zimepeana migongo." Nikamjibu, "Mama, fundi ameandika." Nikafunga kifuniko.

Lakini usinyanyue kichwa. Tarehe 16 Januari 2024 nilikuandikia barua ya nyumba. Nilimkabidhi Batholomeo mkononi, akaniambia amekupa mkononi. Hukuja. Hukujibu. Batholomeo nilimkataza kukueleza lolote zaidi, na mama nilimwomba asikutajie. Nilitaka nione utachukua muda gani kuuliza, "Nyumba ikoje?" Miezi ishirini, na umeuliza dirisha.

Loisi


Gulwe
19 Oktoba 2025

Sila,

Hujambo. Mwezi mzima umekaa kimya. Simwandikii mtu mara mbili, lakini mama amenikalia kitako hapa, kwa hiyo naandika anachosema: "Mwambie jicho bado lipo kidogo. Saa nne asubuhi naziona namba. Saa tano sizioni." Mwezi wa nane alikuwa anaziona mpaka saa saba mchana.

Hayo ni maneno yake. Mimi sina langu.

Loisi


Kizota
16 Novemba 2025

Dada Loisi,

Shikamoo. Mama hajambo? Jicho bado lipo? Wewe hujambo? Nauliza pia: nyumba ya kupanga ikoje, inavuja?

Barua yako ya 16 Januari 2024 ninayo. Batholomeo alinipa mkononi kama alivyokwambia. Niliona mwandiko wako juu ya bahasha, nikajisemea ni redio tena, nikaitupia kwenye droo ya nyaya. Ilikaa humo bila kufunguliwa mpaka tarehe 24 Septemba mwaka huu. Umeandika kwamba mama mlimtoa maji yakiwa kiunoni, amejitwika kompyuta na kaseti kichwani ndani ya kitenge, na kwamba alikataa kushikwa mkono kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Mwisho umeandika, "Kama una mabati, njoo nayo. Kama huna, njoo hivyo hivyo." Mabati nilikuwa nayo, Loisi. Yapo mpaka leo nyuma ya karakana. Sina la kuongeza hapo, na wewe usiongeze.

Sasa kifurushi. Kina chipu nane, zimejaribiwa, zinafanya kazi. Najua utauliza nimezipata wapi nilipokwisha kusema hakuna. Afadhali usikie kwangu.

Redio ya baba sikuiuza. Erick aliona redio nyingine. Ya baba ilikuwa juu ya rafu yangu tangu Juni 2016, nimeifunika gunia. Nilishindwa kuitengeneza. Niliifungua mara tatu, mara nne, nikabadilisha kila nilichoweza kubadilisha, haikutoa hata mkwaruzo. Watu wanatoka Ipagala na Chamwino kuniletea vitu vilivyowashinda wengine, halafu redio ya baba yangu mwenyewe inanishinda. Ningeirudishaje imekufa? Nilisema mwezi ujao itapona. Ukaandika kwenye daftari lako kwamba nimeiuza, ukanifungia simu, nikaona bora uniite mwizi kuliko uniite fundi asiyejua. Hivyo ndivyo miaka tisa ilivyopita. Ushahidi ulikuwa juu ya rafu, na nilikuwa na mpango siku moja nije nao Gulwe niuweke mezani kwako nione utaficha wapi uso.

Mjini kuna mfanyabiashara anaitwa Rizwan, ana duka la vifaa vya umeme. Marehemu baba yake alikuwa na kompyuta kama ya kwetu, ilikufa zamani lakini chipu zake nane zilikuwamo na ni nzima. Tulikutana mara nne. Mara ya kwanza alisema vitu vya marehemu haviuzwi. Mara ya pili alisema hivyo hivyo, ila akanipa chai. Mara ya tatu alikuja yeye hapa karakana, akaona gunia juu ya rafu, akauliza kuna nini. Nikamfunulia. Akasimama kama aliyesikia anaitwa. Akasema, "Baba yangu aliziuza hizi. Hata moja hakutuachia." Nikamwambia haisemi. Akajibu, "Na ya kwangu nayo haiwaki. Tumelingana." Mara ya nne niliibeba mwenyewe mpaka dukani kwake.

Kwa hiyo yale uliyoyaandika tarehe 23 Oktoba 2016, kuanzia Jumatano iliyopita ni kweli. Redio ya baba nimeitoa. Sina tena cha kukuonyesha.

Maelekezo ni yale yale ya mwanzo, isipokuwa moja. Dirisha sitalitaja. Mapengo yaelekee nyuma ya mashine, kule waya wa umeme unakoingilia. Hata nyumba ikihama, hapo hapahami. Na kabla hujafunga kifuniko, mama apapase zote. Mama akisema hapana, ni hapana, fundi awe ameandika nini.

Kaseti endeleeni nazo. Ile kadi nilikosea.

Mdogo wako,
Sila


Gulwe
30 Novemba 2025

Sila,

Marahaba. Nyumba inavuja pembeni mwa mlango, siyo sana. Mimi mzima. Habari za mama ziko mbele, subiri.

Chipu zilifika Jumatano. Alhamisi saa mbili na nusu nilianza. Nilipanga mapengo kuelekea kwenye waya, nikamwita mama. Alipapasa moja moja mpaka ya nane, akarudi tena ya kwanza. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Sasa wanatazama upande mmoja kama watu kanisani." Nikafunga. Niliposhika swichi nilimwambia atoke nje kwanza. Akakataa. Akasema kama ni kunuka, anuse mwenyewe, asidanganywe na habari za majirani.

Imewaka. Kaseti imeingia yote. Niliandika amri ile ya kuuliza nafasi na namba iliyotoka nimeiandika daftarini, sikuielewa lakini ni kubwa.

Siku tatu mama ameingiza mvua. Saa nne mpaka saa tano kasorobo, ndio muda aliobakiwa nao. Nilimtajia tarehe na milimita, akabonyeza yeye. Siku ya pili jua lilipohama nilihamisha meza nzima kulifuata, na yeye na kiti chake. Jana saa tano kasoro dakika ishirini alibonyeza ya mwisho, ya Aprili mwaka huu, milimita sita. Akaniambia nirekodi kwenye kaseti mbili, siyo moja. Leo asubuhi hakuziona namba. Jua lilikuwa kali, nilifuta vitufe kwa kitambaa, nikamgeuza kiti huku na huku. Hakuziona. Akasema basi, kazi imekwisha, tusikilize.

Tumesikiliza kutoka 1989. Imechukua mpaka mchana. Zile za baba alikuwa anazijua, anatabasamu hata kabla ya mlio. Ilipofika 12 Januari 2024 nilitaka kupunguza sauti ya televisheni. Akanishika mkono. Milimita mia moja na kumi na nane: kumi na mmoja myembamba, minane minene. Alihesabu kwa kidole juu ya meza. Ilipoisha akasema, "Ndiyo yenyewe." Hakulia. Akasema tuendelee, bado Februari.

Sasa redio. Usidhani umenilainisha. Barua yako niliisoma nikakasirika kuliko siku zote. Miaka tisa umeniacha nikuite mwizi mbele ya ukoo mzima, mbele ya mama, kwa sababu fundi ameona aibu kushindwa na redio? Baba mwenyewe alikuwa akiipiga kofi ndipo iseme, Sila. Sisi sote tulijua ni mbovu. Ungeileta ikiwa imekufa, ningeiweka juu ya kabati na kitambaa cha kufuma, tungeendelea kuishi. Ingawa kabati nalo lilikwenda na maji, kwa hiyo labda huko kwa huyo Rizwan ndiko salama zaidi. Hilo sijaamua bado.

Kwenye daftari langu huwa sifuti. Mbele ya maneno ya 23 Oktoba 2016 nimeandika kwa kalamu nyekundu, "Si kweli. Nimejua 26 Novemba 2025." Chini yake nimeandika, "Sasa ni kweli." Nimemsomea mama yote mawili. Akauliza, "Na hiyo redio imenunua nini?" Nikamwambia, "Mvua zako." Akasema baba yenu hakuwahi kupata bei nzuri hivyo kwa kitu chochote.

Simu yako sijaifungua. Nitaona.

Karatasi ya pili humu ndani ni ramani ya nyumba hii. Nimepima kwa utepe wa kushonea, kila kitu kwa sentimita. Dirisha ni ile mistari miwili upande wa kulia. Meza ipo katikati kwa sasa, nimeiandika tarehe kwa sababu inahama na jua. Mlango nimeuchora ukiwa wazi, ndivyo unavyokaa mchana. Pale panapovuja nimetia alama ya msalaba, na nimeandika idadi ya mabati yanayohitajika. Umbo refu karibu na meza ni kitanda cha kamba. Hakilali mtu.

Usiniandikie tena upande wowote wa nyumba ambayo hujaiingia.

Dada yako,
Loisi